Ukienda kuchomwa faibroidi kwa mawimbi ya sauti, usijikaze

Dada yangu, sisi tumefundwa kuvumilia. Kwenye chumba cha kuchomea faibroidi, yaani uvimbe wa kizazi usio saratani, kuvumilia kunaumiza. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, nafanya kazi kwenye chumba cha MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, huku Ujerumani, na wanaonitia hofu zaidi ni wale wanaojikaza kimya.

Tiba haina kisu. Mawimbi ya ultrasaundi hutoka chini ya kitanda, hupita kwenye ngozi yakiwa dhaifu, kisha hukutana ndani ya uvimbe. Hapo joto hupanda hadi nyuzi 60 na zaidi, na sehemu ile hufa kwa sekunde chache. Marekani waliidhinisha mashine ya kwanza ya kutibu faibroidi hivi mwaka 2004.

Haimfai kila mtu. Mjamzito hafanyiwi, wala mwenye uvimbe unaoshukiwa saratani au unaoning'inia kwa kikonyo chembamba. Kama bado unataka kuzaa, mwulize daktari kabla ya kukubali tarehe.

Siku yenyewe usipake mafuta wala losheni tumboni. Tutakunyoa chini ya kitovu, usione haya: vinyweleo hushika mapovu ya hewa, mawimbi hayapiti kwenye hewa, na joto hubaki kwenye ngozi. Nakufuta kwa spiriti, nakulaza kifudifudi juu ya jeli yenye maji, kisha tunatazama picha. Nikiona povu moja tu, hata dogo kama ufuta, nakuinua tunaanza upya. Kovu la upasuaji wa uzazi lionyeshe hata kama ni la miaka mingi, maana kovu hunasa joto.

Utawekewa mpira wa mkojo, kwa sababu kibofu kikijaa kinausogeza uvimbe. Utalala hivyo saa tatu hadi nne. Kila mpigo ni kama sekunde 20, halafu tunasubiri mwili upoe.

Mkononi utakuwa na kitufe. Bonyeza ukisikia ngozi inaungua, au kitu kama umeme kinashuka kalioni hadi mguuni. Mishipa ya fahamu ya mguu inapita nyuma ya kizazi, karibu na mfupa wa nyonga, na mashine haijui unachosikia wewe. Ukibonyeza, mawimbi yanakatika papo hapo, daktari anabadilisha pembe. Ndiyo maana dawa ya kutuliza tunayokupa ni nyepesi: tunakuhitaji useme. Maumivu kama ya hedhi ni ya kawaida, lakini nayo yataje. Nilikuwa na mama mmoja aliyebonyeza mara 11, kila mara akiomba radhi. Nilimshika bega nikamwambia aendelee kubonyeza. Alitoka bila hata lengelenge.

Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Uvimbe haujatolewa, hunywea taratibu kwa miezi, kwa hiyo usikate tamaa hedhi ya kwanza ikija nzito kama zamani. Ila ganzi mguuni, homa, au malengelenge tumboni, hayo usiyalaze: piga simu usiku huohuo.