Usiyakate majani: ninavyotunza tulipu na dafodili zangu Leicester

Tulipu na dafodili ni maua yanayoota kutokana na vitunguu vinavyozikwa ardhini. Mwezi Novemba, pasua kitunguu kimoja cha tulipu kwa kisu, kutoka kwenye ncha hadi kitakoni. Utakuta matabaka manene meupe kama ya kitunguu maji, na katikati ua limeshakaa tayari. Ni dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, lakini petali zinaonekana. Nilikitoa kimoja makusudi ili wanangu waone. Ua hilo limelishwa na majani ya msimu uliopita, na ukilijua hilo utaelewa kwa nini nasisitiza ninayoyasisitiza hapa chini.

Nyumbani kwangu Leicester, Uingereza, nina kipande cha mita nne kwa tatu nyuma ya nyumba, udongo wa mfinyanzi unaonata kwenye buti. Dafodili nazipanda Septemba, maana hutoa mizizi mapema. Tulipu nazingojea Novemba, wakati kwetu Tanga mvua za vuli zimeshakolea. Kuna ugonjwa wa ukungu unaoyababua majani ya tulipu kana kwamba yamepitiwa na moto, na ukipanda ardhi ikiwa imeshapoa unapunguza hatari hiyo.

Unaponunua, bonyeza kila kimoja. Kikiwa kigumu na kizito mkononi, chukua. Kikibonyea, kiache hata kama ni bei poa. Ganda la kahawia likibanduka si neno.

Shimo liwe na kina mara tatu ya urefu wa kitunguu. Kwa tulipu ni sentimita 15 hadi 20, na kwenye udongo mzito ni kazi kweli, lakini usiishie sentimita saba ukasema inatosha, kwa kuwa kindi watavifukua kesho yake asubuhi. Ncha juu, kitako chini, na kati ya kimoja na kingine acha upana wa vitunguu viwili. Mimi huchanganya udongo na changarawe na mboji, maana kitunguu kikikaa kwenye maji kinaoza. Juu ya tulipu natandaza waya wa banda la kuku, halafu namalizia kufukia. Majani yatapenya kwenye matundu. Dafodili hazihitaji waya, kindi hawazigusi kwa sababu zina sumu. Kwa sababu hiyohiyo vitunguu hivi nyumbani kwangu haviingii jikoni hata kwa dakika moja. Vinafanana mno na vya mchuzi.

Baada ya hapo viachie baridi. Barafu isikutie hofu: tulipu inataka wiki 12 hadi 16 za baridi kali ndipo shina lirefuke vizuri. Dada yangu aliyeko Tanga aliponiuliza kama zitaota kwake, nilimwambia aviweke kwanza vitunguu kwenye friji kwa muda huo, mbali na ndizi na matunda mengine, kwa sababu gesi ya matunda yanayoiva huliua ua ndani kwa ndani. Na ajue ni za kuchanua mara moja tu. Mwaka wa pili anunue nyingine.

Sasa majani. Mwaka wangu wa kwanza dafodili zilipomaliza kuchanua nikaona majani yamelala ovyo, nikayafyeka yote, bustani ikang'aa. Machi iliyofuata yalitoka majani matupu, mstari mzima, bila ua hata moja. Iliniuma sana, na sikutaka kulisahau. Ua likinyauka, kata kichwa chake tu ili mmea usihangaike kutengeneza mbegu. Shina na majani yaache wiki sita angalau. Usiyafunge mafundo, usiyasuke, yanahitaji jua kila upande. Mimi huyamwagilia mbolea ya maji inayotengenezwa kwa ajili ya nyanya, yenye potasiamu nyingi, mara moja kwa wiki hadi yaanze kugeuka manjano. Kama yanakukera macho, panda mbele yake kitu kingine cha kuyaficha.

Hata ukifanya yote haya, tulipu nyingi za kisasa hupungua mwaka hadi mwaka, kwa hiyo kila Novemba naongeza kumi au kumi na tano. Dafodili ndizo zinazozaana zenyewe.

Kufika Juni najaribu jani moja kwa vidole viwili. Likija lenyewe bila kung'ang'ania, nakusanya yote na kuyapeleka kwenye mboji. Likikataa, naliacha wiki nyingine.