Kununua Kamera ya Kwanza ya DSLR Mkiwa Likizoni Kigoma

Familia inayokusudia kununua kamera yake ya kwanza ya DSLR wakati wa likizo ya Kigoma ifanye hivyo katika siku mbili za mwanzo, wala isingoje siku ya mwisho. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu kamera yangu ya kwanza niliinunua jioni ya kuamkia safari ya kurudi Tabora, mizigo ikiwa imekwisha kufungwa na watoto wakisinzia, nikaridhika na nilichokiona chini ya taa hafifu ya muuzaji. Kesho yake, ndani ya treni, nilipoielekeza lenzi kwenye mwanga wa dirishani, niliona kuvu imetanda kati ya vioo vyake mfano wa utando wa buibui. Lau ningeinunua siku ya kuwasili, ningekuwa na juma zima la kuijaribu, na muuzaji angekuwa mwendo mfupi wa bodaboda kutoka nyumbani kwa shangazi tulikofikia.

Kwanza ni vyema kuelewa kwa nini mtu anunue aina hii ya kamera wakati simu ipo mfukoni. Ndani ya DSLR kuna kioo kidogo kilichowekwa mshazari nyuma ya lenzi, ambacho huupeleka mwanga juu hadi kwenye kitundu cha kutazamia, kisha hunyanyuka unapobonyeza kitufe ili mwanga ukifikie kihisi kinachoitengeneza picha. Kwa hiyo unachokiona kwenye kitundu ni mwanga halisi, si picha iliyooneshwa kwenye skrini. Faida yake utaijua ufukweni saa saba mchana, pale skrini ya simu inapofifia kwa ukali wa jua hata usijue umempiga picha nani. Faida nyingine ni betri, maana kitundu hicho hakitumii umeme mwingi: Nikon D3500 imekadiriwa kupiga picha 1,550 kwa chaji moja, na Canon EOS 2000D picha 500, kiasi kinachotosha siku nzima ya matembezi.

Soko la kamera hizi limebadilika kwa namna inayomfaa mnunuzi wa kwanza. Canon na Nikon zote mbili zilizindua mwaka 2018 kamera zenye kihisi kikubwa zisizo na kioo hicho cha ndani, na tangu hapo wapiga picha wengi wa harusi wamekuwa wakihamia huko na kuuza bodi (kamera zenyewe bila lenzi) na lenzi zao za zamani. Baadhi ya bodi nzuri za kuanzia, kama hiyo D3500, hazitengenezwi tena. Maana yake ni kwamba kamera mtakayoipata Kigoma kwa bei ya kuridhisha huenda ikawa iliyokwisha kutumika, na mahali pa kuanzia kuulizia ni kwa wapiga picha wenyewe, kwenye studio za mtaa wa Mwanga na kwa wale wanaopiga picha za sherehe. Mimi siioni hali hiyo kuwa kasoro. Kamera iliyotunzwa na mtu anayeitegemea kwa riziki yake yaweza kuwa salama kuliko iliyokaa kabatini miaka mitatu bila kuguswa, mradi ikaguliwe ipasavyo.

Kabla ya kukagua, amueni mtapiga nini zaidi, kwa sababu jibu hilo ndilo litakaloamua lenzi, na lenzi ndiyo inayostahili fedha kuliko bodi. Wanunuzi wengi hufanya kinyume: humaliza akiba yote kwenye bodi ya kifahari, kisha huifunga lenzi dhaifu. Ushauri wangu ni kwamba katika kila shilingi kumi mlizotenga, bodi isichukue zaidi ya tano au sita.

Lenzi hupimwa kwa milimita: kadiri zinavyokuwa nyingi, ndivyo inavyovuta vya mbali. Ile ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja na bodi nyingi za kuanzia inatosha kwa mandhari ya Ziwa Tanganyika na kwa picha ya ukoo mzima uliopangwa mbele ya nyumba. Kwa nyuso za watu, hasa ndani ya nyumba jioni, itafuteni lenzi ya milimita 50 yenye tundu la kupitishia mwanga la f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), ambayo ni nyepesi na kwa kawaida ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa. Tundu la f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi ya ule unaopita kwenye f/5.6, na hicho ndicho kikomo cha lenzi ile ya 18 hadi 55 inapovutwa hadi mwisho. Nimempiga picha bibi yangu kwa lenzi hiyo ya milimita 50 akiwa ameketi mlangoni magharibi imekwisha kuingia, bila flashi, na mikunjo yote ya uso wake ikaonekana.

Wanaopanga kwenda Gombe watahitaji lenzi ndefu, na hapa tahadhari inatakiwa. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa kuwa ya taifa mwaka 1968 na ambayo Jane Goodall alianzia utafiti wake wa sokwe mwaka 1960, ina misitu ya mabondeni yenye kivuli kizito. Flashi hairuhusiwi mbele ya sokwe, na wageni hutakiwa kukaa umbali wa mita kumi au zaidi. Lenzi ya milimita 55 hadi 250 ya Canon ikifungwa kwenye bodi ndogo, yaani yenye kihisi kidogo, huona sawa na milimita 400 za bodi yenye kihisi kikubwa, kwa sababu kihisi cha bodi ndogo hukata kingo za picha kwa kipimo cha 1.6. Urefu huo unazidi kutosha kwa mita kumi. Shida itakuwa mwanga, hivyo muwe tayari kupandisha ISO, yaani wepesi wa kihisi kwa mwanga, hadi 3200 na kukubali chembechembe kwenye picha, maana picha yenye chembechembe hubaki kuwa picha ya sokwe, ilhali iliyotikisika haimfai mtu.

Kuna mtego mmoja ambao wauzaji wengi hawausemi, pengine kwa kutoujua. Bodi za kuanzia za Nikon, yaani zile za safu ya D3000 na D5000, hazina ndani yake mota ya fokasi, ile inayoinoa picha. Hutegemea mota iliyomo kwenye lenzi. Lenzi kongwe zisizo na mota zitafunga vizuri na zitapiga picha, lakini fokasi mtaizungusha kwa mkono daima. Tafuteni herufi AF-S kwenye pete ya lenzi, au AF-P kwa bodi mpya kama D3500, maana baadhi ya bodi kongwe haziipokei AF-P. Kwa upande wa Canon, lenzi za EF hufunga kwenye bodi zote za DSLR za EOS, za EF-S hufunga kwenye bodi ndogo, na za RF ni za kamera zisizo na kioo, hivyo msizinunue hata zikishushwa bei kiasi gani.

Ukaguzi ufanyike mchana, nje, na pasiwe na mtu wa kuwaharakisha. Anzeni na lenzi, ambako mimi ndiko nilikoteleza. Itoeni kwenye bodi, fungueni vifuniko vya pande zote mbili, kisha mulikeni tochi ya simu upande mmoja mkitazama upande wa pili kwa mshazari. Vumbi kidogo halina neno, lakini nyuzinyuzi nyeupe au mabaka yanayofanana na barafu ni kuvu, ambayo hupenda unyevunyevu, hasa lenzi inapofungiwa gizani kwenye mfuko wa ngozi. Lenzi yenye kuvu iacheni, kwa kuwa kuisafisha ni kazi ya fundi mwenye vifaa maalumu na huenda ikawa imekwisha kula utando wa kioo. Zungusheni pete zote mbili mkisikiliza kama kuna mkwaruzo wa mchanga. Lenzi iliyowahi kuanguka ufukweni hujitambulisha kwa sauti hiyo.

Kisha ipimeni bodi. Wekeni tundu kwenye f/16, pigeni picha ya anga isiyo na mawingu, halafu ikuzeni kwenye skrini na kuipitia pembe hadi pembe. Madoa meusi ni vumbi juu ya kihisi, na vumbi husafishika, lakini mstari ulionyooka waweza kuwa mkwaruzo, nao hauondoki. Pandisheni kasi ya shata, yaani pazia linalofunguka na kufunga mbele ya kihisi, hadi 1/4000 ya sekunde mpige picha kadhaa mfululizo. Utepe mweusi ukitokea upande mmoja wa picha, shata imechoka. Ulizeni pia shata imefyatuka mara ngapi. Nikon ilizipima shata za D3500 kwa mifyatuko 100,000, na harusi moja peke yake yaweza kumaliza zaidi ya elfu moja. Picha za Nikon huibeba hesabu hiyo ndani ya faili, nayo husomeka kwa programu za kompyuta. Bodi nyingi za Canon huhitaji programu maalumu na waya. Namba ya jina la faili isiwadanganye, kwa sababu hufika 9999 kisha huanza upya.

Kipimo kinachosahaulika sana ni cha fokasi, na DSLR inakihitaji kuliko kamera nyingine, kwa kuwa kihisi chake cha fokasi ni tofauti na kile kinachoipiga picha, na viwili hivyo vyaweza kupishana. Tandikeni gazeti mezani, simameni kwa mshazari umbali wa mita moja, fungueni tundu lote, mlenge mstari mmoja wa maandishi kupitia kitundu cha kutazamia na kupiga. Mstari mliolenga ndio uwe mkali kuliko yote. Ukali ukiangukia mistari ya mbele au ya nyuma, rudieni kwa kutumia skrini ya nyuma ya kamera. Iwapo huko picha inakuwa sawa, basi bodi na lenzi havipatani, na nyuso za watoto wenu zitakuwa na masikio makali na macho yaliyofifia.

Yaliyobaki ni mepesi. Fyatueni flashi, bonyezeni kila kitufe, toeni betri muone kama imevimba, na hakikisheni chaja ipo.

Mkikubaliana bei, msilipe kabla ya kuandikishana. Dukani dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kwa mtu binafsi andikeni hati ya mauziano yenye majina ya pande zote mbili, namba ya bodi iliyochapwa chini yake, namba ya lenzi, tarehe na sahihi ya shahidi, na ikiwezekana iandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Hati hiyo huwalinda endapo itadaiwa baadaye kwamba kamera ni ya wizi, na muuzaji anayekwepa kuiandika amekwisha kuwaambia jambo la kutosha. Ombeni sentensi moja iongezwe: kwamba kamera yaweza kurudishwa ndani ya siku tatu ikionekana ina kasoro. Kwa maoni yangu sentensi hiyo inafaa zaidi kuliko punguzo la bei. Kulipa kwa simu ni bora kuliko taslimu, kwa sababu ujumbe wa muamala hubaki kuwa ushahidi.

Nunueni pia betri ya pili, kadi mbili za GB 32 badala ya moja kubwa, na mfuko usiopitisha maji kwa ajili ya boti. Kadi za bandia ni nyingi. Ijazeni kila moja mpaka mwisho na kuzifungua faili za mwishoni kabla ya kuiamini.

Siku tatu hizo za kurudisha kamera mzitumie kwa mpango. Alfajiri ya kwanza nendeni ufukwe wa Kibirizi, wavuvi wanaporudi na dagaa, mkiomba ruhusa kwa kila mtu kabla ya kumpiga picha. Jua la asubuhi hutoka upande wa vilima, kwa hiyo mkiviweka mgongoni na kuelekea ziwani, nyuso za watu zitakuwa na mwanga kamili, na hapo mtajua kama rangi za kamera ni za kweli. Jioni mambo hugeuka: jua huzama upande wa milima ya Kongo, na mtu akisimama na ziwa nyuma yake uso wake utakuwa mweusi kama kivuli, kwa sababu kamera hupima mng'aro wa maji na kudhani kwamba pana mwanga wa kutosha. Ongezeni mwanga kwa hatua moja au moja na nusu kwenye kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kwa ngozi zetu nyeusi hatua hiyo ni ya lazima, na kwa mzee aliyevaa kanzu nyeupe juani hufanywa kinyume chake kidogo ili kanzu isiungue.

Siku ya pili nendeni Ujiji, kwenye ukumbusho wa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Miembe ya hapo ina vivuli vinavyowafaa kujaribu ISO ya 1600 na 3200 kabla ya kuingia msituni. Mkirudi, jengo la stesheni ambako reli ilifika mwaka 1914 ni somo zuri la mistari iliyonyooka, lakini ombeni ruhusa kwa wahusika kwanza, na maeneo ya jeshi na polisi msiyaelekezee lenzi kabisa.

Jioni hiyo ya siku ya pili hamishieni picha zote kwenye kompyuta, mzipitie mkiwa wawili watatu, kila picha kwa ukubwa wake kamili. Doa linalojirudia mahali palepale katika kila picha ni la kamera. Ukungu ulio katika picha za kivulini pekee ni wa kasi ndogo ya shata, na dawa yake ni kupandisha ISO. Picha zilizofifia juani na kivulini, kwa lenzi ileile, ni kosa la lenzi. Mkikuta kasoro, ichukueni kamera pamoja na hati yenu, mkamwone muuzaji kesho yake asubuhi, siku ya tatu, kabla hajaanza shughuli, ndipo mkate tiketi za boti ya Gombe.