Kujenga Mashine ya CNC Nyumbani: Anza na Fremu

Mashine ya CNC hukata na kuchonga kwa kufuata mwendo unaoamriwa na kompyuta. Wengi wanaokusudia kujitengenezea moja huanza kwa kununua mota na bodi za umeme, ilhali hivyo ndivyo vitu vyepesi kubadilishwa baadaye. Fremu iliyolegea haitengenezwi na programu yoyote, na kwa sababu hiyo inastahili kupewa sehemu kubwa ya fedha na muda wako.

Amua kwanza utakata nini na kwa ukubwa gani. Eneo la kukatia la milimita 400 kwa 300 linatosha kwa vibao vya majina, vipuri vidogo na mapambo ya mbao. Usishawishike kuongeza ukubwa bila sababu, kwani boriti yenye urefu maradufu, ikisukumwa kwa nguvu ileile, hupinda mara 8 zaidi. Plaiwudi nene iliyogundishwa tabaka juu ya tabaka inafaa kwa mashine ya mbao na plastiki. Anayetaka kukata alumini ajenge kwa chuma au kwa vipande vizito vya alumini.

Unapounganisha fremu, kaza bolti nusunusu, kisha pima kimshazari, kutoka kona hadi kona ya mkabala, njia zote mbili. Fremu ya milimita 600 kwa 400 yenye pembe mraba sawasawa itakupa takriban milimita 721 kwa kila mshazari. Vipimo vikitofautiana, igongegonge kwa nyundo ya mpira hadi vilingane, ndipo ukaze kabisa. Reli za kuongozea mwendo nazo zinahitaji subira. Funga ya kwanza ikiwa imenyooka, iache ya pili ikiwa imelegea kidogo, kisha sukuma daraja, yaani ile sehemu inayobeba kikataji, kutoka mwanzo hadi mwisho huku ukikaza bolti za reli ya pili pale daraja linapofika. Likiwa zito mahali pamoja na jepesi pengine, reli haziko sambamba, na mota itakwama hapohapo.

Kwa kusongeza daraja, skrubu za T8, yaani za kipenyo cha milimita 8, zinatosha kwa mashine ndogo, mradi nati yake isiwe na mchezo, yaani isichezecheze kwenye skrubu. Skrubu za gololi ni bora zaidi, ingawa bei yake ni kubwa.

Mota za hatua, yaani zinazozunguka kwa hatua ndogondogo, za NEMA 17 zinaweza kuendesha mashine nyepesi, na NEMA 23, ambazo ni kubwa zaidi, zinafaa kwa daraja zito. Bodi ya Arduino Uno yenye programu ya GRBL inatosha kuongoza mihimili mitatu ya mwendo, yaani X, Y na Z. Usichomoe wala kuchomeka waya wa mota wakati draiva, yaani kifaa kinachoipa mota umeme wa kila hatua, ina umeme, kwa kuwa draiva inaweza kuungua papo hapo. Weka swichi ya dharura inayokata umeme wa mota zote pamoja na spindo, yaani mota inayozungusha kikataji, mahali ambapo mkono utaifikia bila kupita juu ya mashine. Fremu ya chuma iunganishwe na waya wa ethi, na kazi ya umeme mkubwa apewe fundi umeme iwapo huna ujuzi nao.

Hesabu ya mwendo si ngumu. Mota ya kawaida hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Draiva ikigawa kila hatua mara 8 na skrubu ikisogeza milimita 8 kwa mzunguko, unapata hatua 200 kwa kila milimita. Namba hiyo huandikwa katika GRBL kwenye mipangilio ya $100, $101 na $102, mmoja kwa kila mhimili. Amuru mashine iende milimita 200, kisha pima. Ikienda 100, usikimbilie kuirekebisha namba: huenda skrubu yako ni ya milimita 4, au draiva imewekwa kugawa mara 16. Kosa linalobadilikabadilika kila unapopima hutokana na nati iliyolegea au mota inayoruka hatua.

Kabla ya kukata chochote, endesha faili lako la maagizo ya kukata hewani, kikataji kikiwa juu ya meza, uone kama mashine inafuata njia uliyoitarajia. Anza na povu gumu, kisha mbao laini. Kasi ya kusongeza hupatikana kwa kuzidisha mizunguko ya spindo kwa idadi ya makali ya kikataji na unene wa unyoya, yaani kipande chembamba ambacho kila kali hukata kwa mzunguko mmoja: mizunguko 10,000 kwa dakika, makali 2 na milimita 0.05 ni sawa na milimita 1,000 kwa dakika. Kwa mashine mpya anza na nusu ya kasi hiyo na kina cha milimita 1, lakini usiende taratibu mno, kwani kikataji kinachosugua badala ya kukata hupata moto na kuunguza mbao. Vaa miwani ya kinga na barakoa, hasa unapokata MDF, yaani ubao wa nyuzi za mti zilizogandishwa kwa gundi, ambao vumbi lake ni laini sana, na usiiache mashine ikikata peke yake. Baada ya saa chache za kwanza za kazi, kagua tena bolti zote, kwani mtikisiko huzilegeza.