Kabla ya kumwekea dau dereva chipukizi

Katika mbio za farasi wavuta vigari, kijana akishinda mara tatu nne mfululizo, odi zake, yaani kiwango cha malipo dau likishinda, hushuka upesi kuliko kiwango chake kinavyopanda. Ukianza kumfuata hapo, unalipia sifa.

Mimi hutazama kwanza anaendesha farasi wa nani. Wengi huanza na farasi wa baba au wa mkufunzi aliyewaajiri, na farasi mzuri humpendezesha yeyote. Dalili ya kweli ni wakufunzi wengine kuanza kumwita, hasa kwa farasi msumbufu, yule ambaye akivutwa hatamu vibaya huacha telki, yaani mwendo wa mbio hizi, na kurukia shoti, yaani kukimbia kwa kasi. Hapo lazima arudishwe kwenye mwendo wake, na mara nyingi mbio zimeshamponyoka, kama hajaondolewa kabisa. Mikono mitulivu utaijua hapo.

Tazama video, usiishie kwenye matokeo. Anayejibanza nyuma ya kigari cha mwenzake hukingwa upepo. Anayekwenda upande wa nje bila kinga humchosha farasi bure, na vijana wana pupa ya kutoka mapema. Dereva aliyemaliza wa tano kwa kufungiwa ndani na vigari vya wenzake, farasi wake bado ana pumzi, mimi namthamini kuliko mshindi aliyeongoza bila kusumbuliwa. Odi yake ijayo huenda ikawa bado nono.

Angalia pia nafasi ya kuanzia. Safu ya pili nyuma ya gari la kuanzishia, lile linalowatangulia farasi hadi mbio zianze, huwatesa hata wakongwe.

Na dau liwe dogo, la pesa ambayo ikipotea hutaitafuta.