Kwaresima hii, anza na majina ya watu

Mimi ni mhazini wa jumuiya yetu ya Kikatoliki, na pia natunza hesabu za kikoba cha akina mama hapa mtaani kwetu Dar es Salaam, kwa hiyo mnivumilie nikiizungumzia toba kwa lugha ya daftari.

Jumatano ya Majivu kanisa linajaa kuliko Jumapili nyingi. Tunapakwa majivu ya matawi ya mwaka uliopita, tunaambiwa "Tubuni na kuiamini Injili", kisha jioni swali ni lile lile: wewe umeacha nini? Huyu soda, yule bia, vijana wanaacha mitandao. Sawa. Lakini soda hukuikosea kitu. Uliyemkosea ni mtu, yupo, na namba yake unayo.

Basi chukua daftari, na dhambi usiziandike kwanza. Andika majina ya watu, na mbele ya kila jina andika kilichompotea kwa sababu yako: hela, heshima, usingizi, kazi. Anza na walio chini yako, maana hao hawawezi kukudai kwa sauti. Dada wa kazi anayeambiwa "tarehe tano" kila mwezi ni wa kwanza kwenye ukurasa. Fundi uliyemkata hela baada ya kazi kuisha, naye yumo. Mangi wa dukani, yumo. Bosi wako weka mwishoni.

Hela ndiyo rahisi kueleweka, ingawa ndiyo inauma. Rudisha yote ukiweza. Ukishindwa, nenda mwenyewe, taja kiasi, taja tarehe, anza na kidogo mkononi. Kwenda kusema "nitakulipa, usijali" bila shilingi ni kumkopa mara ya pili. Kama mwenye hela amefariki, wape warithi wake. Kama hapatikani kabisa, wape maskini, lakini umtafute kweli kwanza. Zakayo, Luka 19:8, hakuanza kwa kulia. Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila arudishiwe mara nne.

Jina la mtu ni gumu zaidi. Ulilolisambaza kwenye kundi la WhatsApp huwezi kuliombea radhi kwa siri chumbani, rudi kwenye kundi hilo hilo, andika mstari mmoja: "Nililosema juu ya fulani halikuwa kweli, naomba radhi." Usiongeze "kama kuna aliyekwazika", hiyo inamrushia lawama aliyeumia. Na kama ulichosema kilikuwa kweli ila hakikukuhusu, usikirudie kwa kisingizio cha kuomba msamaha. Acha kukisema, mtafute mhusika pembeni.

Mambo ya ndoa ongea na padre kabla hujafungua mdomo nyumbani. Wapo wanaokiri kila kitu kwa mwenzi wao saa sita usiku ili wao walale vizuri, na mwenzake asilale mwaka mzima.

Sasa ndipo uende kuungama. Usingoje Juma Kuu, foleni inazunguka kanisa na padre amechoka. Wiki ya pili au ya tatu panatosha. Taja kosa, taja mara ngapi, nyamaza. Habari za mkwe wako ziache nje, yeye ataungama zake. Malipizi utakayopewa, yaani sala au tendo la toba analokupangia padre, yafanye siku hiyo hiyo. Kuna wanaodhani ondoleo la dhambi likishatolewa daftari limefungwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inasema vingine: ondoleo huondoa dhambi, lakini madhara uliyoyafanya bado yanakusubiri uyatengeneze, kwa kurudisha kilichoibwa na kusafisha jina ulilolichafua.

Kufunga nako kuna kazi yake. Kanisa linadai siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59, na kutokula nyama Ijumaa kuanzia miaka 14. Ila kuacha nyama ukaenda soko la samaki la Feri kununua kambamti, hapo sijui umemfungia nani. Kula maharage, na tofauti ya bei iende kwa mtu wa kwanza kwenye daftari lako. Hapo mfungo na deni vinakutana.

Mwaka 2025 na 2026 Kwaresima na Ramadhani ziliingiliana, na mtaani kwetu majirani Waislamu walipita kuombana radhi kabla ya kuanza kufunga. Mlango kwa mlango, dakika mbili, basi. Sisi tunaungama vizuri kwa padre, halafu tunampita jirani bila salamu. Mathayo 5:24 inasema tupatane na ndugu kwanza, ndipo tutoe sadaka.

Atakayekataa kukusamehe, mwachie nafasi. Deni lake mlipe hata kama hataki kukuona. Tuma kwa simu au kwa mkono wa ndugu yake. Usimtumie wazee wa jumuiya wakambembeleze, na usimtangaze kuwa ana moyo mgumu. Mwandike tena kwenye daftari mwakani, umtafute upya. Na akikujibu kwa matusi, soma yote, usijibu, futa namba ya yule rafiki uliyetaka kumtumia hayo matusi mcheke pamoja.