Kabla hamjakitupa kidhibiti mwendo

Gurudumu la kushoto la roboti likigoma karibu na mechi ya mashindano ya roboti, msikimbilie kufungua kidhibiti mwendo kipya, yaani kile kifaa kinachopitisha umeme wa betri kwenda kwenye mota na kuamua kasi yake. Zimeni umeme, inueni roboti magurudumu yasiguse sakafu, kisha badilishaneni nyaya za mota: za kushoto ziende kidhibiti cha kulia, za kulia cha kushoto. Ugonjwa ukihamia gurudumu la kulia, tatizo liko kwenye kidhibiti au kinachokilisha. Ukibaki kushoto, kagueni mota, nyaya zake na giaboksi.

Hata ugonjwa ukihamia kulia, msikihukumu kidhibiti haraka. Pimeni volti zinazoingia huku mota ikizunguka. Betri ya volti 12 inaweza kusomeka vizuri roboti ikiwa imetulia, kumbe kiungo kimoja kilichobanwa vibaya kinaangusha umeme mzigo ukija. Vuteni kila waya kwa mkono. Nimeona vidhibiti vizima vikitupwa kwa sababu ya waya uliolegea, na inauma.

Mkitoboa chuma, vifunikeni vidhibiti: chembe moja ya chuma ikiingia ndani inaweza kuleta shoti. Na upande wa betri msigeuze nyekundu na nyeusi; vingi huungua papo hapo.