Jinsi ya kuchimba muvi zilizosahaulika za dairekta unayemkubali

Wakuu, huku Kigoma tukienda kujaza muvi kwenye flashi tunataja staa tu au jina la DJ aliyetafsiri, dairekta hatumuulizii kabisa na hapo ndo tunapokosa vitu vitamu. Muvi ikikukosha usizime, majina yakianza kupita mwishoni la dairekta mara nyingi ndo la kwanza, liandike kwenye simu halafu ligugo, panga kazi zake kwa miaka, anza na zile za mwanzo au ile isiyofanana na zingine.

Mfano Spielberg, wengi tunamjua kwa Jurassic Park, ila tafuta Duel ya 1971, aliitengenezea TV akiwa na miaka 24 tu aisee. Jamaa yuko na kigari chake barabarani, lori kuukuu linamfukuza, unaona buti na mkono wa dereva, sura huioni ng'o! Hiyo omba orijino, usichukue ya kutafsiriwa, maana utamu wote uko kwenye muungurumo wa injini na ule ukimya.

George Miller wa Mad Max naye ndo huyohuyo wa katuni ya pengwini, Happy Feet ya 2006. Wawekee watoto waiangalie.